Kalamu ya Rais wa Georgia: kisa cha Salome, "mawakala wa nje" na sheria ya jinsia

Tarehe 2 Oktoba 2024 Rais wa Georgia, Salome Zourabichvili, alirudisha bungeni, bila kuisaini, sheria moja inayowabana mashoga na transjenda, yaani watu wanaoishi kwa jinsia tofauti na waliyoandikiwa walipozaliwa. Hakuipigia kura ya turufu, hakuandika mapendekezo ya kuirekebisha, aliirudisha tu kama ilivyomfikia. Kesho yake spika wa bunge, Shalva Papuashvili, akashika kalamu akaisaini yeye, na ikawa sheria ya nchi. Kisa chote kimekaa ndani ya hizo siku mbili, ila ili tuelewane inabidi nianzie mbali kidogo, naomba mnivumilie, kwa sababu ishu hii ina nyuzi tatu na watu wanaisimulia kila mtu na uzi wake, huyu anaongelea madaraka ya rais, huyu anaongelea vibaraka wa nje, huyu anaongelea transjenda, mimi naona ni kamba moja iliyosokotwa na ukiifumua huelewi tena ilikuwa inafunga nini.

Georgia ninayoisema ni ile nchi ya milima ya Caucasus, kati ya Urusi na Uturuki, sio lile jimbo la Marekani lenye Atlanta. Nchi ndogo, watu kama milioni 3.7, yaani Dar es Salaam peke yake inawazidi. Ilitoka kwenye Umoja wa Kisovieti mwaka 1991, mwaka 2008 mwezi wa nane ikapigana na Urusi vita ya siku tano, na mpaka leo Abkhazia na Ossetia Kusini, kama asilimia 20 ya ardhi yake, haziko mikononi mwake. Hiyo asilimia 20 ishikeni vizuri. Sisi Tanzania tumesikia "vibaraka wa mabeberu" kwenye majukwaa mpaka masikio yakazoea, lakini kule kuna vijiji ambavyo waya wa miba uliowekwa na askari wa upande wa Urusi umepita katikati, shamba la mtu likabaki ng'ambo na nyumba ikabaki huku. Kwa hiyo ukimwita Mgeorgia wakala wa nje umemgusa kwenye kidonda kibichi, na wanasiasa wao wanalijua hilo vizuri sana.

Sasa sheria yenyewe. Jina lake ni sheria ya kulinda maadili ya familia na watoto. Ukisikia jina tu huwezi kuipinga, nani hataki watoto walindwe? Ila ndani imekataza kusajili uhusiano wowote wa watu wa jinsia moja, imekataza mashoga na transjenda kuasili mtoto, imekataza madaktari kumtibu mtu kwa lengo la kubadili jinsia, imekataza mtu kubadilisha jinsia kwenye nyaraka zake, alafu ikaweka marufuku kwenye mikutano, shule na vyombo vya habari kwa kile wanachokiita kutangaza mambo hayo. Ilisomwa mara ya tatu tarehe 17 Septemba 2024 ikapita kwa kura 84 kwa sifuri. Sifuri, ndugu zangu. Wapinzani walikuwa wamesusia bunge, kwa hiyo siku watu hawa wanafungiwa mlango hakukuwa na mbunge hata mmoja aliyenyanyuka kuhesabiwa upande wao. Hilo limeniuma kuliko hizo kura 84, kwa sababu wale 84 walishatangaza msimamo wao tangu mwezi wa tatu, ila wale wapinzani mwezi wa nne na wa tano walikuwa barabarani wakiipinga sheria ya mawakala, ambayo nitaifikia mbele, wakilia na haki za binadamu, na wakati huo ulipofika hawakuwepo.

Ndoa ya jinsia moja ilikuwa imeshazuiwa na katiba yao tangu mabadiliko ya 2017, ndoa imeandikwa ni ya mwanamke na mwanaume, basi. Kwa hiyo kwa upande wa ndoa sheria hii haikubadilisha kitu kikubwa. Walioumia moja kwa moja, siku hiyo hiyo ilipoanza kutumika, ni transjenda, na hao ni wachache mno hata ndani ya kikundi kidogo cha mashoga na transjenda. Fikiria mwanaume ana ndevu, sauti nzito, alafu kitambulisho kimeandikwa mwanamke na jina la kike. Kila kaunta anayokwenda, benki, hospitali, kusajili laini ya simu, uwanja wa ndege, kila mwajiri anayempelekea makaratasi, lazima aanze kujieleza upya mbele ya watu asiowajua, au ashukiwe ni tapeli anayetumia kitambulisho cha dada yake. Hapa kwetu Afrika Mashariki hili sio geni kabisa, Mkenya Audrey Mbugua alilazimika kwenda mahakamani kwa sababu cheti chake cha mtihani wa sekondari kilikuwa na jina la kiume huku yeye anaishi kama mwanamke, na mwaka 2014 Mahakama Kuu Nairobi ikaamuru baraza la mitihani libadilishe jina na liondoe alama ya jinsia kwenye cheti. Unaweza ukawa na imani yako, unaweza ukawa hukubaliani kabisa na mtu kubadili jinsia, sawa, ila cheti kinatakiwa kiseme aliyefaulu ni nani, na kama hakimtambulishi kinamsaidia nani?

Georgia nayo ilikuwa na kesi ya namna hiyo. Wanaume watatu transjenda walihangaika miaka kwenye ofisi na mahakama za nchini kwao, wakiambiwa mpaka wafanyiwe upasuaji ndo jinsia yao ibadilishwe kwenye makaratasi, na hakukuwa na sheria iliyosema waziwazi ni upasuaji gani na utaratibu ni upi. Wakafika Strasbourg kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 1 Desemba 2022 mahakama ikasema Georgia imevunja haki yao ya maisha binafsi kwa sababu haina utaratibu wa haraka, wenye uwazi na unaofikika. Yaani serikali iliamriwa itengeneze mlango unaoeleweka, miaka miwili haijaisha jibu lake likawa kuuziba mlango wote kwa zege.

Swali la watu wengi ni hili, kama rais hakuitaka hiyo sheria kwa nini hakuizuia? Hapo ndo tunaingia kwenye madaraka.

Georgia iliwahi kuwa na rais mwenye nguvu za kutisha. Mikheil Saakashvili aliingia madarakani Januari 2004 baada ya watu kuingia bungeni na maua ya waridi mkononi na mzee Shevardnadze, rais wa kabla yake, kuondoka, na katiba ikampa kila kitu. Alifanya makubwa, rushwa ya trafiki barabarani aliifuta, lakini magereza yakajaa na video za wafungwa wakiteswa zilipotoka Septemba 2012 chama chake kikaanguka uchaguzi wa mwezi uliofuata. Kabla ya hapo, mwaka 2010, alikuwa amebadili katiba kupeleka nguvu kwa waziri mkuu kuanzia 2013, watu wakahisi anajitengenezea kiti cha kuhamia muhula wake ukiisha. Kiti kile akaja kukikalia mtu mwingine. Alafu 2017 chama kipya kilichomshinda, Ndoto ya Georgia, kikapunguza tena, kikaamua rais wa 2018 awe wa mwisho kuchaguliwa na wananchi, baada ya hapo rais atachaguliwa na wajumbe 300, nusu wabunge na nusu wajumbe wa mikoa na halmashauri.

Watu walipoambiwa rais mwenye nguvu nyingi ni hatari walikubali, na walikuwa na sababu, walikuwa wameonja. Ila nguvu ikitolewa sehemu haipotei hewani, inahamia mahali. Ilihamia kwa waziri mkuu na bunge, na nyuma ya waziri mkuu na bunge kuna Bidzina Ivanishvili, bilionea mzaliwa wa kijiji cha Chorvila aliyetajirikia Urusi miaka ya 90 kwenye vyuma na mabenki, ndo mwanzilishi wa chama, aliwahi kuwa waziri mkuu mwaka mmoja tu, 2012 mpaka 2013, na tangu hapo hana ofisi yoyote ya serikali. Mawaziri wakuu wanabadilika yeye yupo. Kwa hiyo mjadala wa kwamba rais ana nguvu nyingi au chache kule Georgia unaweza kuwa mjadala wa kwenda kutafuta sindano kwenye chumba ambacho haikudondokea.

Na huyo rais wa mwisho kuchaguliwa na wananchi ndo Salome Zourabichvili. Alizaliwa Paris mwaka 1952, wazee wake walikimbia baada ya Jeshi Jekundu la Kisovieti kuingia Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, mwaka 1921. Akawa mwanadiplomasia wa Ufaransa, akatumwa kuwa balozi wa Ufaransa Georgia mwaka 2003, na mwaka uliofuata Saakashvili akamuomba Rais Chirac amwachie awe waziri wa mambo ya nje wa Georgia. Yaani kutoka balozi wa nchi moja mpaka waziri wa nchi ile ile aliyotumwa kuiwakilishia yake, jambo la ajabu sana kwenye diplomasia. Mwaka 2018 akagombea urais, akaachia uraia wa Ufaransa, Ndoto ya Georgia haikuweka mgombea wake ikamuunga mkono yeye, na raundi ya pili akapata karibu asilimia 60. Wapinzani wakati huo ndo waliomwita kibaraka, tena kibaraka wa Ivanishvili, na lafudhi yake ya Kigeorgia ikachekwa kila kona.

Na ukifuatilia hizi pasipoti zao utachoka. Ivanishvili mwenyewe alipotangaza kuingia siasa mwezi wa kumi 2011, serikali ya Saakashvili ikamvua uraia wa Georgia kwa sababu alikuwa amechukua wa Ufaransa, ikabidi katiba ibadilishwe ili aweze kugombea. Saakashvili naye baadaye akaenda Ukraine, akapewa uraia na ugavana wa Odesa mwaka 2015, Georgia ikamvua uraia wake Desemba mwaka huo huo, mwaka 2017 Ukraine nayo ikamvua, mwaka 2019 Zelensky akamrudishia, na Oktoba 2021 alipoingia Georgia kimyakimya akakamatwa. Vigogo watatu wa nchi moja, wote watatu wamewahi kushika pasipoti ya nchi nyingine, na kila mmoja kwa zamu yake ameitwa mtu wa nje. Kwangu mimi hii inaonyesha kwamba lile neno halipimi uaminifu wa mtu, linapima nani yuko upande gani wa serikali siku hiyo.

Salome alianza kutofautiana na waliomuweka polepole, na baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022 tofauti ikawa ufa. Yeye akazunguka Ulaya kuitetea nchi yake ipewe hadhi ya mgombea wa Umoja wa Ulaya, serikali ikasema haijampa ruhusa ya safari hizo. Katiba yao inasema rais anawakilisha nchi nje kwa ridhaa ya serikali. Nimelitafakari sana hili na nitakuwa mkweli hata kama namuunga mkono mama huyu, kwa maandishi ya katiba serikali ilikuwa na hoja. Tarehe 16 Oktoba 2023 Mahakama ya Katiba, majaji 6 kati ya 9, ikasema amevunja katiba. Siku mbili baadaye bunge likapiga kura ya kumng'oa, zikahitajika kura 100 kati ya 150, zikapatikana 86. Akabaki. Na tarehe 14 Desemba mwaka huo Umoja wa Ulaya ukaipa Georgia ile hadhi aliyokuwa anaizungukia, na waliotaka kumng'oa kwa kuizungukia wakaipokea kama ushindi wao. Ila hoja ya kisheria kuwa sahihi haimaanishi kwamba kosa lake lilikuwa kuvunja katiba, maana katiba hiyo hiyo kifungu cha 78 kinaviagiza vyombo vyote vya dola vichukue hatua zote kuhakikisha nchi inajiunga na Umoja wa Ulaya na NATO. Alikuwa anatekeleza kifungu kimoja kwa kukanyaga kingine, na waliokuwa wanalinda kile kingine walikuwa wanakipa kisogo hiki.

Baada ya hapo ndo ikaja sheria ya mawakala. Ilijaribiwa mara ya kwanza Machi 2023, watu wakajaa barabarani Tbilisi siku tatu, serikali ikairudisha kabatini ikaahidi haitairudia. Aprili 2024 ikarudi, neno "wakala" limetolewa, limewekwa kwamba shirika au chombo cha habari kinachopata zaidi ya asilimia 20 ya fedha zake kutoka nje lijisajili kama linalobeba maslahi ya dola ya kigeni, lisipofanya hivyo faini lari 25,000, karibu dola 9,000. Serikali ikasema ni uwazi tu, hata Marekani wana sheria yao ya 1938. Na hapa nataka niwatendee haki, swali la fedha za nje sio la kipuuzi, nchi ndogo ikiwa mashirika yake mengi yanalipwa na wafadhili wa nje mwananchi ana haki ya kuuliza nani anamlipa nani na kwa ajili ya nini, hata sisi tunajiuliza. Lakini mashirika hayo mengi tayari yalikuwa yanatangaza wafadhili wao hadharani, na kule hakuna tajiri wa ndani atakayekufadhili uchunguze serikali ya rafiki yake. Waandamanaji wakaiita sheria ya Kirusi kwa sababu Urusi ilianza na ya namna hiyo mwaka 2012 na wameona ilikoishia.

Bunge likaipitisha 14 Mei, kura 84 kwa 30. Salome akaipiga turufu 18 Mei. Na hapa ndo utajua turufu yake ina thamani gani, bunge linahitaji kura 76 tu kuivunja, nusu ya wabunge na mmoja, kura ambazo chama tawala kinazo siku zote. Tarehe 28 Mei ikavunjwa kwa kura 84. Tarehe 3 Juni, kwa kuwa rais hakusaini, spika Papuashvili akasaini. Kwa hiyo ukiniuliza rais wa Georgia alikuwa na nini, alikuwa na kalamu, na hata hiyo kalamu kulikuwa na ya akiba mfukoni kwa spika.

Turudi kwenye ile Septemba. Nimeeleza sheria ya mawakala kwa urefu kwa sababu sheria ya jinsia imetoka kwenye tumbo hilo hilo, mwaka ule ule, wabunge wale wale, kura 84 zile zile. Chama tawala kilikuwa na uchaguzi tarehe 26 Oktoba na kilikuwa na shida moja kubwa, karibu Wageorgia wanne kati ya watano wanautaka Umoja wa Ulaya, huwezi kusimama jukwaani ukasema Ulaya hatuitaki. Unafanyaje? Unawaambia watu Ulaya wanayokuletea sio ile ya visa na kazi na barabara, ni ya kumgeuza mtoto wako jinsia. Hapo yule mtu wa kitambulisho kisichofanana na sura akawa ushahidi. Yeye hakuomba fedha za nje, hakugombea cheo, hajui hata mlango wa ubalozi uko upande gani, ila mwili wake umefanywa kama bendera ya kigeni iliyopandishwa katikati ya nchi. Ndo maana nasema ni kamba moja. Asasi ni ya nje kwa sababu ya fedha, rais ni wa nje kwa sababu ya Paris, na transjenda ni wa nje hata kama babu na babu wa babu yake wamezikwa kijiji kimoja na askofu.

Na cha kusikitisha, chama hicho hicho cha Ndoto ya Georgia mwaka 2014 kilipitisha sheria ya kuzuia ubaguzi, na ndani yake kimetaja wazi mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa kijinsia. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa sharti la kupata kuingia Ulaya bila visa, na visa ikafutwa kweli Machi 2017. Kwa hiyo watu hawa waliwahi kulindwa kwa sababu Ulaya imetaka, na wakaja kupigwa kwa sababu Ulaya imetaka. Mara zote mbili hakuna aliyekaa nao kuwauliza. Napenda watetezi wa haki wa Ulaya walione hilo nao, kwa sababu haki ukiifunga kwenye kifurushi cha visa siku kifurushi kikichukiwa na haki inachukiwa nayo.

Chuki yenyewe haikuanza 2024. Tarehe 17 Mei 2013 watu wachache walikusanyika Tbilisi siku ya kimataifa ya kupinga chuki dhidi ya mashoga na transjenda, wakavamiwa na maelfu, mapadri wakiwa mbele, polisi wakawapakia kwenye mabasi madogo kuwaokoa huku vioo vinapigwa mawe. Mwaka uliofuata kanisa likaifanya tarehe hiyo hiyo kuwa siku ya familia, na 2024 serikali ikaifanya sikukuu ya taifa. Tarehe 5 Julai 2021 matembezi mengine yakafutwa baada ya magenge kuvamia, waandishi zaidi ya 50 wakapigwa, mpiga picha wa TV Pirveli, Lekso Lashkarava, akapigwa vibaya na siku chache baadaye akakutwa amefariki nyumbani kwake.

Alafu tarehe 18 Septemba 2024, siku moja, moja tu, baada ya zile kura 84 kwa sifuri, Kesaria Abramidze akachomwa visu ndani ya nyumba yake Tbilisi akafa. Alikuwa na miaka 37. Alikuwa mwanamitindo, mtu wa televisheni, kati ya watu wa kwanza kabisa Georgia kusimama hadharani wakasema mimi ni transjenda, mwaka 2018 aliwakilisha nchi yake kwenye mashindano ya kimataifa ya urembo ya wanawake transjenda, alivaa ukanda umeandikwa Georgia. Instagram alikuwa na wafuasi zaidi ya nusu milioni kwenye nchi ya watu milioni 3.7, kwa hiyo hata aliyemchukia alikuwa anamwangalia. Akakamatwa kijana wa miaka 26 anayefahamiana naye.

Sitasema sheria ndo ilishika kisu. Kisu kilishikwa na mtu na mtu ana sababu zake, na wanawake wasio transjenda nao wanauliwa na wanaume wanaowajua, kule na huku. Lakini nchi nzima ilikuwa imetoka kusikiliza miezi sita mfululizo kwamba watu kama Kesaria ni hatari kwa watoto, ni kitu kilicholetwa na maadui, na siku iliyotangulia bunge lilikuwa limeliweka hilo kwenye maandishi. Mtu anayebeba jina la nchi yako kifuani akaenda nje kukuwakilisha, unamwitaje wakala wa nje? Rais Salome alijitokeza akaomboleza na akasema mauaji hayo yaiamshe jamii ijiangalie na chuki yake. Chama tawala kiliendelea na ratiba.

Kwa hiyo wiki mbili baadaye sheria ipo mezani kwa mama huyu na ana njia mbili, turufu au kuiacha bila saini. Wapo waliomlaumu kwamba aliogopa, kwamba angepiga turufu ingebaki kwenye historia kwamba alipigana. Na mimi mwanzoni niliona hivyo hivyo. Ila nikifikiria hesabu ya turufu ya mwezi wa tano nabadilika. Turufu ingeirudisha sheria bungeni wiki tatu kabla ya uchaguzi, wabunge wa chama tawala wangepata siku nyingine ya kusimama mmoja mmoja kwenye kamera kuwaambia wananchi rais wa kutoka Paris hataki watoto wenu walindwe, na mwisho wangeivunja kwa kura zile zile. Angewapa mkutano wa kampeni wa bure. Kutosaini kukamnyima spika hotuba, akabaki na kazi ya karani. Bado naumia kwamba hakuwepo mtu wa kuwasemea transjenda kwa sauti kubwa siku hiyo, na uamuzi unaoweza kuwa sahihi kisiasa bado unamwacha mtu peke yake, na watu hao walishaachwa na wabunge. Ila kusema aliogopa sio haki. Kalamu ilikuwa moja, hakuwa na kingine.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Uchaguzi wa 26 Oktoba tume ikatangaza chama tawala kimepata karibu asilimia 54, viti 89, wapinzani na rais wakakataa matokeo. Tarehe 28 Novemba waziri mkuu Irakli Kobakhidze akatangaza mazungumzo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya hayatawekwa kwenye ajenda mpaka mwisho wa 2028, barabara ya Rustaveli ikajaa watu usiku baada ya usiku. Tarehe 2 Desemba, katikati ya mabomu ya machozi, sheria ya familia ikaanza kutumika, na sidhani kama wengi waliokuwa pale barabarani walikumbuka. Tarehe 14 Desemba wale wajumbe 300 wakakaa kwa mara ya kwanza kuchagua rais, waliofika walikuwa 225, mgombea mmoja, Mikheil Kavelashvili, akapata 224. Ni mchezaji mpira wa zamani, alichezea Manchester City na klabu za Uswisi, na ni mmoja wa wabunge walioisukuma sheria ya mawakala. Maisha yake ya kazi kayatengenezea Ulaya kwa mishahara ya Ulaya na mimi sioni ubaya wowote kwenye hilo, ila kama fedha ya nje haikumfanya yeye kuwa mtu wa nje basi na yule mwandishi wa habari wa Tbilisi anayelipwa kwa ruzuku apewe dhana hiyo hiyo nzuri. Tarehe 29 Desemba akaapishwa, Salome akatoka ikulu ya Orbeliani akaenda kusimama na watu nje, akisema yeye ndo bado rais halali.

Mwaka 2025 neno "jinsia" kwa maana ya utambulisho wa mtu likaanza kuondolewa kwenye sheria za nchi moja baada ya nyingine, hata kwenye ile ya kuzuia ubaguzi ya 2014. Kosa la uhaini likarudishwa kwenye kanuni za adhabu. Na wafadhili wa nje wakatakiwa kupata kibali cha serikali kabla ya kutoa ruzuku, kwa hiyo hata shirika dogo la kumpa transjenda wakili au mahali pa kulala akifukuzwa nyumbani linategemea sasa serikali iliyompiga ndo iruhusu asaidiwe.

Hukumu ya Strasbourg ya 1 Desemba 2022 haijafutwa. Iko pale na Georgia inadaiwa utaratibu. Na wale wanaume watatu walioishinda serikali mahakamani, ambao wawili wao kwenye hukumu wametajwa kwa herufi tu, wameshikilia karatasi ya majaji inayosema wana haki, huku ofisi ya kutoa vitambulisho inashikilia sheria iliyosainiwa na spika inayosema hawana.